Umeharibu gari la kuazima: cha kufanya kuanzia eneo la tukio hadi kurudisha funguo

Mijini kwetu magari huazimwa kwa mdomo. "Kaka, naomba gari nimpeleke mama Muhimbili," funguo zinasukumwa juu ya meza, basi. Hakuna karatasi, hakuna aliyeuliza bima inaisha lini, hakuna aliyezunguka gari kuangalia mikwaruzo ya zamani. Mambo huenda hivyo hata miaka, mpaka jioni moja kona ya bampa inabaki kwenye nguzo ya geti la ukumbi wa harusi.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekuwa ameshika usukani. Taratibu za polisi na bima nilizozitaja ni za Tanzania Bara, na mitaa ninayoitaja ni ya Dar es Salaam. Aliyeko Nairobi au Kampala atabadilisha majina ya ofisi na sheria, lakini mazungumzo na mwenye gari ni yale yale.

Shika jambo moja tangu mwanzo: gharama ni yako, uamuzi ni wa mwenye gari. Wengi wanaovunja urafiki kwa ajili ya bati huwa hawajakimbia deni. Wamelipa, tena kwa haraka, ila wamejichagulia fundi, wamejichagulia spea, wamejichagulia rangi, kisha wanarudisha gari wakisubiri kushukuriwa.

Hatua ya 1: Simama, shughulikia watu

Zima injini, washa taa za tahadhari, weka pembetatu nyuma ya gari mbali kidogo, usiiweke chini ya bampa kama wengi wanavyofanya. Kama kuna aliyeumia, mambo ya gari yasubiri. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva asimame, atoe msaada na atoe taarifa polisi. Namba ya dharura ni 112. Majeruhi atahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi kwa ajili ya matibabu, na ni jukumu lako kuhakikisha inapatikana, usimwachie ndugu yake azunguke nayo peke yake. Ukiona umati umepandwa na hasira na maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajieleze. Moja kwa moja, usipitie nyumbani.

Kama ni bati tu, piga picha kabla ya kusogeza chochote: pande zote nne za gari, namba za magari yote yaliyohusika, mahali tairi zilipo kulingana na mistari ya barabara, na leseni ya dereva mwenzako. Piga pia dashibodi ikiwa imewashwa, ionekane kilomita na taa zipi zinawaka. Picha hiyo ya dashibodi watu huisahau, na ndiyo inayomaliza ubishi wiki ya pili mwenye gari anapouliza, "Hii taa ya injini iliwaka lini?"

Mwenzako barabarani atakwambia, "Bosi, tuyamalize hapa hapa." Kwa gari lako mwenyewe, hiari yako. Kwa gari la mtu, huna mamlaka hayo. Huwezi kumsamehe aliyekugonga kwa niaba ya mwenye gari, na huwezi kukubali kosa kwa niaba ya bima yake. Kampuni nyingi za bima zina kifungu kinachokataza mteja kukiri au kuahidi malipo bila idhini yao. Chukua majina, namba za simu na namba za gari, ngojea trafiki au kubalianeni kukutana kituoni, halafu piga simu.

Hatua ya 2: Mpigie mwenye gari kabla gari halijaenda popote

Hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote. Mpigie gari likiwa bado pale pale, au likiwa limesogezwa pembeni tu. Asisikie kwa dereva wa bodaboda aliyepita, asione picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, asipigiwe na mke wako. Ujumbe wa maandishi usitangulie simu. Mtu akisoma "gari imepata shida kidogo" akiwa kwenye kikao, ataijaza mwenyewe hiyo shida, na atakayoijaza ni kubwa kuliko iliyopo.

Sema mambo kwa mpangilio huu: watu, gari, kosa, gharama, swali.

"Kaka, samahani, nina habari mbaya. Nimegonga gari yako hapa Mwenge, kwenye mataa. Hakuna aliyeumia. Bampa la mbele limepasuka na taa ya kushoto imevunjika. Niliyegonga ni mimi, nilichelewa kushika breki. Nimesimama pembeni, nakutumia picha sasa hivi. Matengenezo ni juu yangu. Nikusubiri uje, au unataka ipelekwe wapi?"

Ni maneno machache tu. Baada ya hapo nyamaza, mwache afoke kama atafoka.

Kuna sentensi zinazotoka mdomoni zenyewe na zote ni mbaya. "Ni kimkwaruzo tu": atakayepima ukubwa ni yeye. "Hiyo breki yako nayo ilikuwa laini": huenda ni kweli, lakini hilo lina fundi wake na siku yake, nitalirudia chini. "Ajali haina kinga": msemo huo ni wa aliyeharibiwa kumpoza aliyeharibu. Ukiusema wewe unageuka kuwa utetezi.

Kama mwenye gari ni mkubwa wako, baba mkwe kwa mfano, simu bado inatangulia: "Shikamoo mzee. Samahani sana, gari imepata ajali mikononi mwangu, watu wote wazima." Lakini jioni hiyo hiyo nenda kwa miguu yako, na si vibaya ukaongozana na mtu mzima wa upande wenu. Huyo mtu mzima anakuja kukusindikiza. Maneno ya kwanza ni yako. Ukimtanguliza aseme yeye, unaonekana mtoto.

Na kama aliyekuwa akiendesha si wewe, bali ni mdogo wako uliyempa funguo "akalete barafu mara moja", mpigie wewe vilevile. Mwenye gari alikuazima wewe. Useme wazi kwamba ulimpa mtu mwingine, kwa sababu atajua tu, na kwa bima jina na leseni ya dereva vitaandikwa.

Hatua ya 3: Usiongeze hasara

Kugonga ni ajali. Kuendelea kuendesha gari lililoumia ili "nifike tu" ni uamuzi, na mwenye gari ana haki ya kuvitofautisha.

Jiwe kwenye barabara ya vumbi likigonga chini ya gari na taa nyekundu ya oili ikawaka, zima pale pale. Oili ikimwagika, injini inaweza kujisaga kwa dakika chache, na shimo dogo kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, linageuka kuwa gharama ya injini nzima. Mshale wa joto ukipanda, vivyo hivyo: zima, fungua boneti, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka upoe. Ukiingia kwenye shimo kwa kishindo, chungulia ubavu wa tairi kama limetoa uvimbe, na uangalie rimu kama imepinda. Gari likianza kuvuta upande mmoja, linahitaji kupimwa alaimenti na kukaguliwa taironi, boljointi na shokapu hata kama kwa macho ni zima.

Mafuriko yana hesabu yake. Masika, Machi hadi Mei, bonde la Jangwani hujaa mpaka Barabara ya Morogoro hufungwa, na kila mara kuna mtu anayejaribu kupita. Injini ikivuta maji kupitia njia ya hewa, maji hayabanwi kama hewa inavyobanwa. Pistoni inakutana na ukuta na konrodi zinazoisukuma zinapinda. Gari likizima ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Stata hiyo ya pili ndiyo inayoua injini nyingi ambazo maji peke yake yangeziachia. Lisukumwe litoke, fundi afungue plagi, akague hewa klina, achomoe kijiti cha oili. Oili ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, na ibadilishwe kabla injini haijawashwa. Mwambie mwenye gari maji yalifika wapi: kwenye zulia, kwenye viti, au juu zaidi. Zulia lililolowa na kukaushwa juu juu tu litanuka baada ya wiki, na nyaya zilizo chini yake zitaanza kuota kutu.

Kama limewekwa dizeli badala ya petroli na umegundua ukiwa bado kituoni, usiwashe. Tangi likinyonywa kabla injini haijavuta, hasara ni ndogo. Ukishawasha na kuondoka, dizeli imeshafika kwenye pampu na nozeli.

Na kuhusu kulivuta: gari la otomatiki usilivute kwa kamba umbali mrefu magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka. Gia boksi yake hupata mafuta kwa pampu inayoendeshwa na injini, injini ikizima inajisaga kavu. Tafuta gari la kubeba. Litagharimu zaidi ya kamba, na ni wewe unayelipa, lakini gia boksi ingegharimu zaidi.

Hatua ya 4: Bima

Swali la kwanza: ni bima ndogo au bima kubwa? Magari mengi ya watu binafsi yana bima ndogo, ile ya lazima. Hiyo inamhusu mtu wa tatu, yaani uliyemgonga. Bati la rafiki yako haligusi. Bima kubwa ndiyo inayotengeneza gari lenyewe. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, kwa hiyo unaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaona kampuni, aina na tarehe ya mwisho. Fanya hivyo hata kama mwenye gari ameshakwambia "ipo".

Kama ni bima kubwa, kuamua kama madai yafunguliwe ni juu yake. Kazi yako ni kukimbiza karatasi: ripoti ya polisi, ukaguzi wa gari, maelezo yako ya maandishi kuhusu tukio, nakala ya leseni yako. Andika kilichotokea. Ukiombwa uandike kwamba aliyekuwa akiendesha ni mwenye gari "ili bima ilipe vizuri", kataa kwa upole. Ni udanganyifu, na ukigundulika anakosa malipo yote, na nyote wawili mna kesi.

Angalia leseni yako. Kama imeisha muda, au daraja lake haliruhusu aina ya gari ulilokuwa unaendesha, kampuni ina sababu ya kukataa. Hilo likitokea, hasara yote inarudi kwako, na mwambie mwenye gari mapema, asikae miezi miwili akisubiri hundi isiyokuja.

Bima ikilipa, bado hujamaliza. Kuna kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe katika kila madai; hicho ni chako. Kuna punguzo alilokuwa akipata kwa kukaa bila kudai. Akilipoteza, mwakani bima yake itapanda. Muulize wakala wake tofauti ni kiasi gani, uilipe. Wengi hawajui hata kama punguzo hilo lipo, na ndiyo sababu inafaa ulitaje wewe kabla yake.

Kwa uharibifu mdogo, mara nyingi ni nafuu kutengeneza kwa pesa mkononi kuliko kufungua madai. Pigeni hesabu pamoja.

Hatua ya 5: Fundi, spea na rangi

Gari liende kwa fundi wa mwenye gari. Najua una fundi wako wa siku nyingi, mzuri na bei poa. Mwache. Kama rafiki yako hana fundi, mpe majina mawili matatu yeye achague.

Fundi alifungue kabla ya kutaja bei. Bampa la plastiki likigongwa hurudi kwenye umbo lake kama halikuguswa, huku vishikizo vya ndani vimekatika, rejeta imesukumwa, na taa ya ukungu inaning'inia kwa waya. Makadirio ya kutazama kwa nje huongezeka katikati ya kazi, na kila ongezeko ni simu nyingine ya aibu. Omba makadirio yaandikwe kipande kwa kipande, spea mbali, ufundi mbali, rangi mbali.

Kwenye spea, tofauti ni tatu: mpya ya kampuni yenyewe, mpya ya kuiga, na iliyotumika kutoka Japani. Ukienda Gerezani, Kariakoo, utazikuta zote, wakati mwingine kwenye duka moja. Kwa gari kama Toyota IST la toleo la kwanza, lililotengenezwa kati ya 2002 na 2007, mimi ningechagua taa iliyotumika kutoka Japani kuliko mpya ya kuiga. Inakaa kwenye nafasi yake bila kulazimishwa, na kioo chake hakibadiliki kuwa cha njano mapema. Lakini kauli ya mwisho ni ya mwenye gari, na akisema anataka mpya ilhali iliyovunjika ilikuwa kuukuu, mnaweza kuzungumza: wewe unalipa thamani ya iliyokuwepo, yeye anaongeza kidogo kupata mpya. Ni ombi la haki, likisemwa siku ya tatu na si siku ya kwanza.

Tahadhari na spea za bei ya kutupa. Saiti mira na taa za nyuma huibwa kwenye maegesho kila siku, ndiyo maana watu huchora namba ya gari kwenye vioo na taa. Ukiuziwa kioo kilichosuguliwa namba, umenunua cha wizi, na unakwenda kukifunga kwenye gari la rafiki yako. Chukua risiti. Na kama gari lilikuwa limechorwa namba, kipya nacho kichorwe kabla hujalirudisha. Ni jambo dogo, na mwenye gari hulitazama la kwanza.

Rangi sasa. Kabla ya kupaka chochote, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usipokwama, polishi inaweza kuutoa, na umejiokolea pesa. Ukikwama, ni kazi ya rangi. Fundi asikisie rangi kwa macho akiwa chini ya mwembe. Kila gari lina namba ya rangi kwenye kibati cha utambulisho. Kwa Toyota nyingi kiko ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. 040 ni nyeupe ya kawaida, 1F7 ni silva, 202 ni nyeusi, 070 ni nyeupe ya lulu. Hiyo ya lulu inapigwa tabaka tatu, kwa hiyo ni ghali, na fundi akikupa bei ya nyeupe ya kawaida ujue atakupakia nyeupe ya kawaida. Hata kwa namba sahihi, gari la miaka 15 limefifia kwa jua la pwani, kwa hiyo fundi mzuri huchanganya, hupaka kipande cha majaribio, hukitoa juani, halafu hukilinganisha. Nenda ukakiangalie juani wewe na mwenye gari. Silva ndiyo msumbufu kuliko zote: asubuhi inafanana, saa kumi jioni mlango mmoja unaonekana wa gari jingine.

Hatua ya 6: Pesa

Dawa ya deni ni kulipa, na watu wanaosubiri kulipwa wanataka tarehe. "Nitalishughulikia" si tarehe. "Mwisho wa mwezi" bila kiasi si tarehe pia. Kama makadirio ni shilingi 600,000 na una 200,000, sema hivyo: "Leo natuma 200,000 spea zinunuliwe, tarehe 30 nikipata mshahara natuma 250,000, zilizobaki tarehe 15 mwezi ujao." Iandike kwenye ujumbe, aijibu "sawa". Hiyo inatosha kwa marafiki. Kwa kiasi kikubwa, andikeni karatasi, msaini, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kushuhudia. Nchini kwetu hilo halimaanishi mmegombana.

Kama huna kabisa, tafuta kwanza pa kutoa kabla ya kuomba muda: kikoba, akiba ya SACCOS, kitu cha kuuza. Halafu ukae chini kwa mwezi mmoja miwili bila kuweka picha za bata mtandaoni. Anakuona.

Pesa ipite kwa mwenye gari, au ilipwe kwa fundi mbele yake. Ukimlipa fundi kwa siri "kuharakisha", fundi ana mabosi wawili na kila mmoja anaambiwa lake. Na fundi asipewe yote mwanzoni. Mpe ya spea na sehemu ya ufundi. Iliyobaki aipate gari likishajaribiwa barabarani. Ujumbe wa muamala wa simu usifutwe mpaka kila kitu kiishe.

Bei zikibadilika, sema siku hiyo hiyo. Siku ya malipo ikikukuta huna, piga simu asubuhi, usisubiri upigiwe jioni.

Hatua ya 7: Siku ambazo hana gari

Watu hulipa bampa wakasahau kwamba rafiki yao amepanda bodaboda siku tisa na watoto wake wamechelewa shule. Muulize: "Unasafirije wakati huu?" Kisha fanya jambo linaloshikika. Mtumie nauli ya wiki, au kama una gari lako, mwachie lako wewe upande daladala. Hilo la pili watu hawalisahau.

Kama chombo kilikuwa cha biashara, hapa kuna deni kamili. Bajaji, bodaboda au gari la abiria la mtandaoni lina hesabu ya siku au ya wiki inayopelekwa kwa tajiri, na chombo kikiwa gereji hesabu haisimami. Kama ni pikipiki ya mkataba, ile ambayo dereva anailipia mpaka iwe yake, kila siku inayopotea inasogeza mbele siku yake ya kuimiliki, na akichelewesha sana anaweza kunyang'anywa. Lipa hesabu kila siku chombo kinapokuwa hakifanyi kazi, na ongeza kitu cha chakula cha nyumbani kwake, kwa sababu hesabu ni ya tajiri, yeye hula kinachobaki juu yake. Kwa mtu wa aina hii, fundi wa haraka ana thamani kuliko fundi wa bei nafuu.

Hatua ya 8: Akisema "achana nayo", au akidai kupita kiasi

"Aah, bwana, bati tu hilo, achana nayo." Jibu hilo la kwanza lisikilize kama adabu. Wengi wetu tumelelewa kukataa mara ya kwanza hata chai tunayoitaka. Kesho yake rudi na jambo mahususi: "Nimeongea na fundi wako, anasema bampa na taa ni 320,000. Nimekutumia, tafadhali usirudishe." Akikataa tena kwa uthabiti, usimlazimishe mpaka iwe kero. Lipia kitu cha gari ambacho angekihitaji hivi karibuni, tairi mbili au bima inayoisha mwezi ujao, yaishe.

Upande wa pili ni yule anayeona nafasi. Uligonga fenda ya kulia, sasa orodha ina shokapu nne na redio. Au gari lilikuwa na breki zilizoisha kweli, na wewe ndiye uliyebeba matokeo. Usibishane kwenye simu. Omba fundi wa tatu, asiyemjua yeyote kati yenu, alikague mbele yenu wote, na mtoe zile picha za siku ya kwanza. Kama pedi za breki zimekwisha mpaka chuma, zitaonekana, na hapo mnaweza kugawana. Kama ulijua tangu unaondoka kwamba breki ni mbovu ukaendelea, sehemu kubwa bado ni yako. Ikishindikana, tafuteni rafiki mmoja anayeheshimiwa na pande zote. Watatu wakishaingia, kila mmoja huja na upande wake.

Hatua ya 9: Kulirudisha

Kabla ya kumaliza kumlipa fundi, endesheni pamoja, mwenye gari akiwa kwenye usukani. Mwende kwenye lami na kwenye barabara mbovu. Sikilizeni milio, shikeni breki ghafla mahali pasipo na watu, washeni taa zote, hakikisheni boneti inafunga na dashibodi haina taa mpya. Muombe fundi akupe spea kuukuu alizozitoa. Hazina kazi, lakini zinaonyesha kwamba zilitolewa kweli, na siyo kwamba ile ya zamani imesafishwa ikarudishwa na wewe ukalipia mpya.

Lioshwe ndani na nje, tangi liwe na mafuta kuliko ulivyolikuta, kiti na vioo virudi alivyovizoea. Mpe bahasha yenye risiti, makadirio, na nakala za polisi kama zipo. Akija kuliuza gari atazihitaji kumweleza mnunuzi kwa nini fenda moja imepakwa. Mkabidhi funguo mkononi, usimwachie mlinzi.

Halafu kuna madeni yanayofuata namba ya gari. Ingiza namba hiyo kwenye mfumo wa madeni wa trafiki uone kama kuna faini ya siku ulizokuwa nalo. Kosa moja ni shilingi 30,000, na kama ulipigwa tochi ya kupima mwendo kwenye kibao cha 50 ukielekea Chalinze, huenda hukujua kabisa. Angalia pia ushuru wa maegesho wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Lipa zote, mtumie uthibitisho. Rudia kuangalia baada ya wiki mbili, kwa sababu baadhi ya faini huchelewa kuonekana, na yeye atazikuta siku akisimamishwa na trafiki, kwenye gari ambalo kwa mawazo yake lilishamalizana na wewe.